Pasi ya Jumapili: nani analipa?

*Kupeleka nguo kwa dobi huonekana anasa mpaka ukae chini na saa mkononi. Mwandishi wetu alikaa, akahesabu, na hesabu ikamfikisha asikotarajia.*

Jumapili, saa mbili kasoro usiku, Sinza. Mama mmoja ametua mfuko wa salfeti juu ya meza ya dobi, na dobi anazitoa nguo moja moja huku akiandika kwenye daftari lililokunjika pembe. Mashati ya shule sita. Sketi za marinda mbili. Kaptula mbili. Mashati ya ofisini matano. Suruali tatu. Magauni ya kitenge matatu. Kanzu moja.

"Nguo ishirini na mbili, mama. Elfu kumi na nne."

"Kaka yangu, haya sita ni ya watoto. Tazama yalivyo madogo. Nifanyie mia tatu kila moja."

Dobi analiinua shati moja kwa ncha za vidole, analikung'uta mara moja mbele ya taa. "Lina kola, lina mikono, lina vifungo na mfuko, kama la baba yake. Mia tano, mama."

Mama anasimama kidogo, anatazama simu, anatazama rundo. Mwishoni anayarudisha mashati sita na kaptula mbili kwenye mfuko. "Basi haya acha. Dada atayapiga nyumbani."

Dobi anaandika 10,000. Anayefuata anasogea mezani.

Mhariri alikuwa amenipa swali la maneno machache: kumlipa mtu akupigie pasi kunalipa, au ni kutupa pesa? Nilienda kwenye kibanda kile kwa sababu ni mtaani kwangu na bei zake nazijua: mia tano kwa shati, suruali au kaptula, na elfu moja kwa sketi ya marinda, gauni au kanzu. Nilidhani kikokotoo kingemaliza kazi. Lakini niliondoka pale nikiwa na sentensi ile ya mwisho ya mama kichwani, na kila nilipopiga hesabu wiki nzima iliyofuata, ilirudi.

Kwa nini tunapiga pasi

Kwetu pasi haijawahi kuwa urembo tu. Mtoto wa shule ya msingi anatakiwa mstarini na shati jeupe lililonyooka, na mwalimu wa zamu anapopita Jumatatu asubuhi, shati lenye makunyanzi linasoma kama uchafu hata kama lilifuliwa jana. Mtu mzima naye anajua jinsi mlinzi wa getini anavyomtazama aliyenyooka na aliyejikunja. Neno *dobi* lenyewe lilitufikia kutoka Kihindi, pamoja na watu waliofanya kazi hiyo kwenye miji yetu ya pwani, na mpaka leo kibanda cha dobi hakikosekani mtaa wowote wenye ofisi au shule jirani.

Iko sababu nyingine ambayo wazazi wetu waliijua bila kusoma kitabu. Yuko nzi, wataalamu humwita *Cordylobia anthropophaga*, anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini au iliyoachwa juu ya mchanga. Mtoto akivaa nguo ile, funza huingia kwenye ngozi na kutoa kitu kama jipu. Joto la pasi huyaua mayai, hasa likipita kwenye mishono na mapindo ambako unyevu hukaa muda mrefu. Nyumbani kwetu Tanga, mama yangu alipiga pasi nepi za wadogo zangu zote, ndani na nje, kwa pasi ya mkaa yenye kijogoo cha chuma kwenye komeo lake. Shati la baba lingeweza kusubiri kesho. Nepi hazikusubiri.

Niliwasha saa

Jumapili iliyofuata nilikusanya nyumbani rundo linalolingana na lile la mama: nguo 22, aina zile zile, idadi ile ile. Nilizima friji na kila kitu isipokuwa taa moja, nikasoma mita ya LUKU, nikawasha pasi ya wati 1,200 na saa ya simu.

Anayesema kupiga pasi ni kusukuma chuma mbele na nyuma hajapiga sketi ya marinda. Kila rinda unalipanga kwa kidole kuanzia kiunoni, unalishika kwa pini chini, unanyunyiza maji, unaweka kitambaa cha pamba juu ili bluu isianze kung'aa, unashindilia bila kuburuta. Ukiburuta, rinda la jirani linalala vibaya na unaanza upya. Sketi moja ilinichukua dakika 12. Kola ya shati nayo ina njia yake: unatoka nchani kwenda katikati, kwani ukienda kinyume kitambaa kinasukumwa mpaka ncha na kuacha kikunjo ambacho mwenye shati atatembea nacho siku nzima.

Matokeo yalikuwa hivi. Shati la mtoto, dakika 5. Shati la ofisini, 7. Kaptula, 4. Suruali, 7. Gauni la kitenge, 8. Kanzu, 10. Nilipotundika nguo ya mwisho zilikuwa zimepita saa mbili na dakika 32. Mita ilionyesha nimetumia uniti 1.6, kwa sababu pasi haivuti umeme muda wote; ikishapata moto inajikata na kujiwasha yenyewe.

Ukiwa kwenye kundi la wanaonunua uniti kwa takriban shilingi 356 pamoja na tozo zake, umeme huo ni kama shilingi 570. Ukiwa kwenye kundi la watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti ni takriban shilingi 122 na gharama haifiki shilingi 200. Kwa hiyo wale wanaomkataza mtu pasi kwa hofu ya LUKU wanalinda pesa ndogo sana.

> Umeme wa kupiga pasi nguo 22 haukufika shilingi 600. Kilichotumika kwa wingi ni mkono, mgongo na saa mbili na nusu za Jumapili.

Shilingi 5,300 kwa saa

Toa umeme kwenye bei ya dobi. Zinabaki shilingi 13,430, na kwa pesa hizo unanunua saa mbili na nusu za maisha yako. Ni takriban shilingi 5,300 kwa saa.

Je, saa yako ina thamani hiyo? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa za kawaida za kazi kuwa 45 kwa wiki, yaani kama saa 195 kwa mwezi. Mwenye mshahara wa shilingi 500,000 anauza saa yake kwa 2,560 hivi. Kwake dobi ni ghali mara mbili ya mwajiri wake anavyomthamini. Bei ya dobi inaanza kulingana na saa ya mtu pale mshahara unapokaribia milioni moja.

Mwalimu mmoja, jirani yangu, aliipokea hesabu hii kwa kutikisa kichwa. Hoja yake ni kwamba hakuna anayemlipa Jumapili usiku. Saa mbili na nusu atakazoziokoa hazigeuki pesa, lakini elfu kumi na nne atakayoitoa ni mchele wa siku kadhaa. Kwa mwezi ni elfu hamsini na sita. Anapiga mwenyewe, watoto wake wakubwa wanapiga zao, na anaamini kijana asiyejua kunyoosha shati lake hajalelewa. Siwezi kumpinga.

Mwenzangu wa chumba cha habari, mama wa watoto watatu, analipa na halaumu mtu. Anatoka kazini saa moja usiku, anafika Mbagala saa tatu. Jumapili ndiyo siku pekee watoto wanamwona akiwa ameketi. Aliniambia kwamba pesa ya dobi hainunui nguo zilizonyooka, inanunua jioni. Naye siwezi kumpinga, ingawa niligundua baadaye kwamba wote wawili, yeye na mwalimu, wanajibu swali kwa kutumia saa zao wenyewe. Wengi wetu hatufanyi hivyo.

Upande wa pili wa meza

Nilirudi kwa dobi siku ya Jumatano mchana. Kibanda kilikuwa kimya, henga zimening'inia tupu. Aliniambia kazi yake ina siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Katikati ya wiki anaweza kupata nguo kumi kutwa nzima. Kodi ya kibanda haijui Jumatano. Wikendi anamwita kijana wa kumsaidia, naye analipwa. Umeme anaulipia kwa bei ya juu. Halafu kuna nguo zinazoungua.

Alinionyesha meza: blanketi kuukuu lililokunjwa mara nne, juu yake shuka nyeupe yenye kovu la kahawia lenye umbo kamili la pasi. Kovu lile lilianzia kwenye blauzi ya mteja. Lebo ilikuwa imekatwa kwa sababu ilimwasha shingoni, kwa hiyo dobi hakuziona nukta. Kwenye lebo, nukta moja ndani ya picha ya pasi inamaanisha moto usizidi nyuzi joto 110, mbili ni 150, tatu ni 200. Blauzi ile ilihitaji nukta moja, akaipa tatu. Aliilipa, nguo aliyoipiga kwa shilingi mia tano.

Anafanya kazi amesimama. Pasi yake ni nzito kuliko yangu, kwa makusudi, kwani uzito unamsaidia kunyoosha, na bega lake la kulia limeshuka. Nilipomuuliza kwa nini hapandishi bei alinijibu kwa swali: nikipandisha, atakayepiga ni nani? Alikuwa anamfikiria yule mama na mashati yake sita.

Kwa saa yangu, kwa kweli, mama hakuwa mbali na haki. Kama shati la baba kwa dakika saba ni mia tano, la mtoto kwa dakika tano lingekuwa kama mia tatu na hamsini. Bei aliyoiomba ilipungua kwa shilingi hamsini tu, na hakuna kati yao aliyejua.

Umeme ukikatika

Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, mgawo wa umeme ulipobana, pasi za mkaa zilitoka stoo. Dobi wetu anayo moja chini ya meza mpaka leo, ingawa tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ilipoanza kuwashwa Februari 2024 anasema ameigusa mara chache.

Pasi ya mkaa ina heshima yake, lakini haifai kutumiwa chumbani. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na mtu huanza kwa kuumwa kichwa na kusinzia. Mama yangu alipigia kwenye baraza, upepo wa bahari ukipuliza majivu kwenye mashati meupe, naye akiyapuliza kwa mdomo kabla hajashusha pasi, kwani jivu likishashindiliwa halitoki bila kufua upya. Kama ni lazima utumie ya mkaa, tumia nje.

"Dada yupo"

Sasa nirudi kwenye sentensi ya mama. *Dada atayapiga nyumbani.* Nyumba nyingi za mjini zimekwisha kulijibu swali la mhariri kwa maneno hayo hayo: kwa nini nilipe elfu kumi na nne wakati dada yupo?

Nilichukua daftari. Elfu kumi na nne kwa wiki ni elfu hamsini na sita kwa wiki nne. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wake, kwenye kaya za kawaida. Ile ya mwaka 2013 ilikuwa 40,000. Yaani pasi peke yake, kwa bei ya kibandani, inakaribia kula elfu sitini zote za msichana ambaye pia anapika, anafua, anadeki, anambeba mtoto, anateka maji na kufungua geti.

Nilikwenda mbele kidogo. Chukulia anafanya kazi saa 12 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Wengi watakwambia hiyo ni hesabu ya huruma. Elfu sitini ukiigawa inatoka shilingi 192 kwa saa. Rundo langu la nguo 22, la saa mbili na dakika 32, linamletea shilingi 487. Kwa dobi, pesa hiyo haitoshi kaptula moja.

> Kwa mshahara wa elfu sitini, rundo zima la nguo 22 linamletea dada shilingi 487. Dobi anapiga kaptula moja kwa mia tano.

Najua jibu linalokuja: anakula kwetu, analala kwetu. Ni kweli. Kadiria chakula na kitanda hicho kuwa na thamani mara mbili ya mshahara wake. Bado saa yake haifiki shilingi mia sita, na dobi yule yule anayeonekana ghali tunamlipa elfu kadhaa kwa saa bila kumwambia anakula wapi.

Ukomo wa saa 45 kwa wiki haukumwacha nje mfanyakazi wa nyumbani. Sheria ile imewatenga wanajeshi, polisi, magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, haikumtenga dada. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2011, unasema wafanyakazi wa majumbani wapate saa za kazi na mapumziko sawa na wafanyakazi wengine. Chama chao hapa nchini, CHODAWU, kimekuwa kikilisema hili kwa miaka. Lakini pasi ina tabia ya kujificha kwenye saa ambazo hakuna anayezihesabu. Inapigwa baada ya vyombo kuoshwa, watoto wakiwa wamelala, taarifa ya habari imekwisha. Mwenye nyumba anaamka asubuhi anakuta mashati yametundikwa, na kwa kuwa hakuona zilivyopita zile saa mbili na nusu, anaamini hazikuwepo.

Nasema "mwenye nyumba" lakini nyumba ni yangu pia. Kwetu dada alikuwa anapiga pasi Jumapili kuanzia saa tatu na nusu usiku. Sikuwahi kumwagiza. Sikuwahi kumkataza. Mpaka nilipozijumlisha dakika 152 kwa mikono yangu mwenyewe, sikujua kuwa alikuwa analala saa sita na kuamka saa kumi na moja.

Kipi kiende, kipi kibaki

Kwa hiyo, kunalipa? Kwa anayepiga mwenyewe, inategemea nguo. Dobi anatoza kwa kichwa cha nguo, hatozi kwa dakika, na hapo ndipo penye nafasi ya mteja mwenye akili. Kwa saa yangu, shati la ofisini na suruali vinakugharimu kama shilingi 4,300 kwa saa unayookoa, na sketi ya marinda 5,000. Hivyo vipeleke. Kaptula na gauni la kitenge vinafika 7,500 kwa saa. Hivyo baki navyo.

Lililo bora zaidi ni kupunguza rundo lenyewe. Nguo ikung'utwe kwa nguvu kabla haijaanikwa. Shati likauke kwenye henga, lisikauke likiwa limekunjwa juu ya kamba. Linapoanuliwa likunjwe pale pale, kabla halijalala kwenye kapu siku tatu. Shuka na taulo hazina haja ya pasi kama zimekauka kwenye jua kali, isipokuwa kuna mtoto mchanga ndani au eneo lina wale nzi. Nilipofanya hivi wiki ya pili, nguo zilizohitaji pasi kweli zilishuka kutoka 22 hadi 15.

Kwa anayemwachia dada, swali si kama dobi ni ghali. Dobi ndiye anayekuonyesha bei halisi ya kazi ambayo umekuwa ukiipata karibu bure. Ama umlipe dobi, ama umlipe dada kwa saa zile, ama ushike pasi. Sijaiona njia ya nne ambayo naweza kuitetea mbele ya binti yule akiwa amekaa chumba kile kile.

Nyumbani tuliamua mashati yangu, suruali na marinda ziende kwa dobi kila Jumamosi, elfu sita. Mwanangu wa darasa la sita anapiga mashati yake, nami nasimama karibu kuangalia kamba ya pasi. Yaliyobaki ni yangu na mke wangu kwa zamu.

Jioni ya Jumapili ya kwanza nilimwita dada sebuleni nikamweleza kwamba pasi si kazi yake tena, akimaliza vyombo akalale. Alibaki amesimama, kitambaa cha kufutia vyombo bado mkononi.

"Baba," akasema, "na mshahara utapunguzwa kiasi gani?"

Ilibidi nimjibu hapana mara mbili.